Pikapu za betri kwenye gitaa la hevi metali: kisa cha gitaa moja la Nairobi

Kisa hiki kinahusu gitaa la umeme la nyuzi 6 ambalo mwenyewe, mpiga rifu (vifungu vifupi vya noti vinavyorudiwarudiwa) wa bendi ya hevi metali jijini Nairobi, alilileta kwenye meza yangu ya ufundi akiwa ameshaamua anachotaka. "Fundi, nitolee hizi pikapu, uniwekee zile za betri," alisema, akimaanisha vile vifaa vilivyo chini ya nyuzi vinavyonasa mtetemo wake na kuugeuza kuwa umeme, na kabla sijamuuliza lolote akaanza kunieleza sababu. Gitaa lilikuwa likivuma vibaya kila alipofungua distosheni, ule mkwaruzo wa sauti wa metali. Noti za chini zilikuwa zikivurugika, kwa kuwa bendi yake hupiga katika tyuni ya C, yaani uzi wa sita umeteremshwa toni mbili kamili na nyuzi nyingine toni moja moja. Tena, wapiga gitaa aliokua akiwasikiliza, James Hetfield wa Metallica na Kerry King wa Slayer wakiwa wa kwanza, wamejulikana kwa miaka mingi kwa kutumia pikapu za kampuni ya EMG zinazoendeshwa na betri.

Sababu hiyo ya tatu hudharauliwa na mafundi wengi, nami sioni kwa nini. Mtu anayetafuta sauti fulani ana haki ya kuanzia kwenye vifaa vilivyoitoa sauti hiyo. Kilichonipa shaka ni ile sababu ya kwanza, pamoja na jambo ambalo hakulitaja kabisa: betri yenyewe. Alipoulizwa atatumia betri gani, atainunua wapi na ataibadilisha lini, alijibu kwamba mpiga besi wao alishamwonya kuwa "zinakula betri", lakini yeye yuko tayari kuvumilia. Tangu hapo nikauchukulia uchaguzi wa betri na uchaguzi wa pikapu kuwa uamuzi mmoja, kwa kuwa betri ikishaingia ndani ya gitaa huwa sehemu ya ala kama ulivyo uzi au daraja (kipande kinachozishika nyuzi mwilini mwa gitaa), na ikifa jukwaani gitaa zima hunyamaza.

Kwanza ilibidi kuutafuta ule mvumo unakotoka. Pikapu ya kawaida ni sumaku iliyozungukwa na waya mwembamba wa shaba uliosokotwa mara maelfu. Uzi wa chuma unapotetemeka juu yake huutikisa uga wa sumaku, na ndani ya waya hutokea umeme mdogo unaofuata mtetemo huo. Waya huohuo hunasa pia uga wa umeme wa nyumba, ambao nchini Kenya hubadilika mara 50 kwa sekunde, na ndipo tunapousikia ule mvumo mzito. Lakini pikapu za gitaa hili zilikuwa hambaka, yaani kila moja ina koili (mafungu ya waya huo) mbili zilizosukwa na kuelekezwa kinyume ili mvumo unaoingia katika koili moja ufutwe na unaoingia katika nyingine. Hambaka nzima, hata ya bei ya chini, haivumi kiasi alichokieleza. Kama zilikuwa nzima, basi sehemu kubwa ya kelele ilitoka kwingine, na kubadilisha pikapu kungekuwa kulipia dawa ya ugonjwa usiokuwepo.

Tulikwenda kwenye chumba chao cha mazoezi. Nilimwomba ateremshe volyumu ya gitaa hadi sifuri huku amplifaya ikiwa imefunguliwa kama kawaida, na mvumo ukabaki karibu wote. Kipimo hicho hakihitaji chombo chochote, nami ningependa kila mpiga gitaa akijue: kelele inayobaki baada ya volyumu ya gitaa kufungwa haitoki kwenye pikapu. Tulipofungua ekstensheni iliyokuwa ikilisha amplifaya na mikisa ya maikrofoni, waya wa athi, ule wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ulikuwa umechomoka kwenye skrubu yake na kulala pembeni, ukiwa bado na alama ya pale ulipokuwa umebanwa. Hapo yeye mwenyewe akakumbuka kwamba midomo yake humwasha kila anapoigusa maikrofoni huku ameshika nyuzi. Hilo halikuwa jambo la sauti tena, lilikuwa jambo la uhai. Nyuzi za gitaa lenye pikapu za kawaida huunganishwa na ardhi ya saketi kupitia daraja, kwa hiyo amplifaya isiyo na athi inapovujisha umeme, mwili wa mpigaji ndio unaokuwa njia kati ya gitaa na maikrofoni. Ekstensheni ilitengenezwa siku hiyohiyo, na soketi ya ukutani ikapimwa kabla ya kifaa chochote kuchomekwa tena.

Athi iliporudi, mvumo ulipungua sana. Zilibaki kelele za aina mbili: mnong'ono wa amplifaya yenyewe, ambao huongezeka kila geini (kiwango cha kukuza sauti) inapopandishwa, na mvumo mdogo uliobadilika kadiri alivyogeuka kuelekea au kuikwepa transfoma ya amplifaya. Huo wa pili ndio uliokuwa wa gitaa. Nilieleza wazi kwamba tungeweza kuishia hapo, tukalifunika shimo la saketi kwa karatasi ya shaba, tukaziacha hambaka zake mahali pake, na kelele ingekuwa ndogo kuliko alivyowahi kuisikia. Alikubali hoja hiyo, lakini tatizo la noti za chini lilikuwa bado lipo, na hapo ndipo pikapu za betri zilipokuwa na la kusema.

Pikapu ya betri husukwa kwa mizunguko michache kuliko ya kawaida, na ndani ya gamba lake hufungiwa priampu ndogo inayoukuza umeme huo kabla haujatoka kwenye gitaa. Faida yake kubwa kwa metali haimo katika ukubwa wa sauti, ingawa ndivyo inavyosifiwa madukani. Koili ya hambaka ya kawaida ina ukinzani mkubwa kwa mawimbi, kwa hiyo kebo ndefu, potenshiometa (kile kinachozungushwa na kitufe cha volyumu) na pedali ya kwanza katika mnyororo wa vifaa vya sauti vya kukanyagwa zote huidai sehemu ya sauti, hasa ya juu. Mchezaji huyu alikuwa akitumia kebo ndefu hadi kwenye ubao wa pedali na nyingine ndefu kutoka hapo hadi kwenye amplifaya, na ncha ya kila pigo la pleki ilikuwa imeshapotea kabla distosheni haijaipokea. Anapoziba nyuzi kwa kiganja na kupiga haraka kwenye uzi wa C, ncha hiyo ndiyo inayolitenganisha pigo moja na jingine. Priampu iliyomo ndani ya pikapu hutoa ishara yenye nguvu ya kuisukuma kebo bila kupoteza kitu kinachosikika, na koili yenye mizunguko michache haikusanyi uzito mwingi wa sauti ya kati na chini ambao distosheni huugeuza kuwa tope.

Kulikuwa na njia tatu za kuzingatia.

Ya kwanza ilikuwa EMG, kampuni ya California ambayo pikapu zake ndizo zilizoweka kipimo cha sauti hii tangu miaka ya 1980. Modeli ya 81 ina sumaku za seramiki na sauti iliyobana, kali juu, isiyotambaa chini, na kwa kawaida hukaa kwenye daraja. Ya 85 ina sumaku za alniko na koili pana zaidi, na sauti yake ni nene. Kerry King na mpiga gitaa mwenzake wa metali Zakk Wylde wameifanya ndugu wa 81 kwa muda mrefu. Ya 60 ni ya seramiki pia lakini koili zake zimekaribiana, na hutoa sauti safi yenye noti zinazotengana vizuri, ndiyo maana Hetfield aliiweka shingoni huku 81 ikiwa darajani. Njia ya pili ilikuwa Blackouts za Seymour Duncan, zilizobuniwa kushindana na hizo, zenye sauti pana kidogo na chini nyingi zaidi. Kwa gitaa lililoteremshwa hadi C, ambalo shida yake ilikuwa hiyohiyo chini iliyozidi, niliziondoa mapema.

Njia ya tatu ilinipa kazi zaidi: Fluence za Fishman, zilizoingia sokoni mwaka 2014. Badala ya waya uliosokotwa, koili zake ni njia za shaba zilizochapwa kwenye bodi nyembamba zilizopangwa moja juu ya nyingine, na pikapu moja inaweza kubeba sauti mbili au zaidi zinazochaguliwa kwa swichi. Kwa masikio yangu ni pikapu zenye uhai mwingi kuliko EMG za zamani, na kama swali lingekuwa la sauti peke yake, pengine ndizo zingeshinda. Zilishindwa kwa sababu ya betri.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, lakini watu wachache huifanya kabla ya kununua. Pikapu moja ya EMG 81 hutumia mkondo wa takriban mikroampea 80, na mbili pamoja hutumia takriban 160. Betri ya alikalini ya volti 9 hubeba takriban miliampea-saa 500, na hata tukiacha nafasi kubwa kwa voltiji inayoshuka kabla betri haijaisha kabisa, mtengenezaji anakadiria saa 3,000 kwa pikapu moja, yaani saa 1,500 kwa mbili. Bendi inayofanya mazoezi saa 6 kwa wiki ingehitaji karibu miaka mitano kuzimaliza saa hizo, na kabla ya hapo betri ingeshazeeka yenyewe. Basi maneno ya mpiga besi kwamba "zinakula betri" yalitoka wapi? Yalitoka kwenye jeki, yaani soketi ya kebo. Gitaa la namna hii halina swichi ya kuwasha na kuzima. Soketi yake ni ya stereo, na plagi ya kebo inapoingia ndiyo inayounganisha upande hasi wa betri na ardhi ya saketi. Kebo ikibaki ndani ya gitaa, pikapu zinaendelea kunywa umeme usiku kucha hata amplifaya ikiwa imezimwa. Wiki ina saa 168. Gitaa lenye EMG mbili likiachwa na kebo kuanzia zoezi hadi zoezi litaimaliza betri katika wiki 9 hivi. Kwa Fluence, ambazo mkondo wake huhesabiwa kwa miliampea na muda wa betri yake kwa mamia machache ya saa, kosa hilohilo linaweza kuiua betri ndani ya wiki moja au mbili.

Nilimwuliza huacha gitaa lake wapi baada ya mazoezi. Alijibu bila kusita kwamba hulisimamisha kwenye stendi, na kebo yake ndani.

Jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko sifa zote za kiufundi. Mazoea hubadilika, lakini si busara kumjengea mtu ala ambayo itamwangusha mara ya kwanza atakaposahau. Mtengenezaji wa Fluence anazo betri maalumu za kuchajiwa zinazoingia nyuma ya baadhi ya magitaa, na huo ni ufumbuzi mzuri kwa anayeweza kuzipata na kuzibadilisha bila taabu. Kwa gitaa hili, na kwa mtu anayenunua betri kwenye maduka ya umeme ya Luthuli Avenue au kwenye kioski kilicho jirani na ukumbi, ilifaa pikapu inayosamehe. Tukachagua 81 kwa daraja na 60 kwa shingo, kwa kuwa nyimbo zao kadhaa hufunguka kwa vidole na sauti safi.

Ununuzi wenyewe ulihitaji macho. EMG ina familia nyingine iitwayo HZ, ambayo kwa sura inafanana sana na ile ya betri lakini ni pikapu za kawaida zisizotumia betri kabisa. Si bandia, wala si mbaya, ila si alichokitafuta, na muuzaji mmoja alikuwa tayari kumpa hizo kwa kusisitiza kwamba ni zilezile. Bandia halisi nazo zipo nyingi: gamba jeusi lenye nembo, na ndani yake koili ya kawaida. Kipimo cha haraka ni kuiunganisha pikapu bila betri. Ikitoa sauti kamili, haina priampu. Seti kamili huja pia na potenshiometa za kiloomu 25, soketi ya stereo na klipu ya betri. Potenshiometa za zamani za kiloomu 500 hazifai hapa, kwa sababu zikiwekwa kwenye pikapu yenye impidansi ndogo (ukinzani mdogo kwa mawimbi), kitufe cha volyumu hufanya kazi kama swichi: hakuna badiliko mpaka mwisho kabisa, kisha sauti inakatika ghafla. Kwa sababu hiyohiyo sipendekezi kuchanganya pikapu moja ya betri na moja ya kawaida katika gitaa moja, kwani thamani inayoifaa moja huinyonga nyingine.

Suala la betri tulilimaliza kwa kulinganisha aina nne. Betri ya kaboni na zinki, ile ya bei rahisi kuliko zote, kihesabu ingeweza kuendesha EMG kwa miezi mingi, kwani mkondo unaohitajika ni mdogo mno. Ubaya wake ni kwamba huvuja. Inapozeeka gamba lake la zinki huliwa, na maji yake yakishatambaa kwenye klipu na bodi, ukarabati wake hugharimu kuliko betri mia. Ya kuchajiwa ya nikeli inaonekana kuwa ya akiba lakini haifai kwa kazi hii: nyingi zina voltiji ya 8.4, nyingine 7.2 tu, hubeba karibu miliampea-saa 200, na hupoteza chaji yake zikiwa zimekaa bure haraka kuliko gitaa linavyoitumia. Zile za lithiamu zenye tundu la yuesibi hutoa volti 9 kwa msaada wa kigeuzi kidogo kilichomo ndani, na baadhi ya vigeuzi hivyo hupenyeza mluzi mwembamba ambao distosheni huukuza bila huruma. Ikabaki alikalini ya kawaida. Namna ya kuitambua dukani bila kutegemea maneno ya muuzaji ni kusoma herufi ndogo zilizopigwa ubavuni: 6LR61 ni alikalini, 6F22 ni kaboni na zinki, haidhuru rangi ya karatasi yake ni ipi. Tarehe ya mwisho nayo isomwe hapohapo.

Alitaka pia kujua kuhusu volti 18, yaani betri mbili zilizofuatana, jambo ambalo EMG zinalivumilia kwa kuwa zinaruhusu hadi volti 27. Voltiji hiyo humpa mchezaji nafasi zaidi pigo linapokuwa zito, na husikika kwenye sauti safi kama pumzi iliyoongezeka. Kwenye rifu iliyojaa distosheni tofauti yake ni ndogo sana, na shimo la gitaa hili halikuwa na nafasi ya betri ya pili bila kuchonga mbao. Hatukuifuata.

Kazi ya kufunga ilikuwa fupi. Seti hizi huunganishwa kwa plagi ndogo badala ya kulehemu, na waya uliokuwa ukitoka kwenye daraja kwenda ardhini uliondolewa kama mtengenezaji anavyoelekeza, kwa kuwa pikapu zenyewe zimekingwa ndani. Kwa mtu ambaye midomo yake ilishawashwa na maikrofoni, kukatika kwa njia hiyo ni faida ya usalama inayostahili kutajwa pamoja na faida za sauti, ingawa haimwondolei mtu wajibu wa kuhakikisha athi ya jengo ni nzima. Betri iliwekwa ndani ya shimo la saketi, ikafungwa kwa sponji ili isigonge mbao. Kuifikia kunahitaji kufungua skrubu za kifuniko, na kwa pikapu zenye njaa ningekataa mpango huo. Kwa betri inayobadilishwa mara moja kwa mwaka haukuwa na taabu. Mwisho multimita, chombo cha kupimia umeme, iliwekwa katikati ya betri na klipu: kebo ikiwa ndani ilisoma karibu na zile mikroampea 160 tulizozitarajia, kebo ikitoka ikasoma sifuri. Soketi iliyounganishwa vibaya hugunduliwa kwa kipimo hiki na si kwa masikio, maana gitaa hulia vizuri tu huku likiimaliza betri likiwa mkobani.

Matokeo yalikuwa mazuri kwa yale yaliyotarajiwa. Mvumo uliofuata mwelekeo wa mwili ulitoweka, mapigo ya kiganja kwenye uzi wa C yakasikika moja moja hata kwa kasi, na geini ya amplifaya ikateremshwa kwa kuwa ishara ilikuwa inaingia ikiwa na nguvu, jambo lililopunguza nao ule mnong'ono. Kilichopotea ni sehemu ya mguso. Zamani aliweza kuisafisha sauti kwa kuteremsha volyumu kidogo na kupiga kwa upole. Sasa pikapu inayasawazisha mapigo mazito na mepesi zaidi ya alivyozoea. Tulizishusha pikapu zote mbili kidogo kutoka kwenye nyuzi na hali ikawa afadhali, lakini haikurudi kuwa ileile, na yeyote anayepiga bluzi au jazi kwa gitaa hilohilo anapaswa kuisikiliza tofauti hiyo kabla hajalipa.

Kwa utunzaji tulikubaliana mambo ya wazi. Kebo hutoka gitaa linapowekwa chini. Betri hubadilishwa kila mwanzo wa mwaka hata kama bado ina nguvu, na hupimwa kabla ya onyesho kubwa. Kwa kuwa mzigo ni mdogo, kipimo cha multimita kwenye betri kinaaminika, na ikisoma chini ya volti 7.5 haipandi jukwaani. Dalili za betri inayokata roho ni noti zinazokatika mapema, sauti inayokonda, na mkwaruzo unaotokea hata kwenye sauti safi pale tu pigo linapokuwa zito. Betri ya akiba hukaa mkobani ikiwa imezibwa vichwa vyake kwa utepe, maana funguo au sarafu ikivigusa vyote viwili kwa pamoja betri hupata joto kali.

Gitaa lake la pili lilibaki na hambaka zake za kawaida, na hilo nililishikilia kwa nguvu alipotaka nalo libadilishwe. Gitaa la akiba lisilohitaji betri litalia siku ambayo la kwanza limegoma na duka la karibu limefungwa. Kwa kuwa sauti yake ni ndogo kuliko ya EMG, pedali ya kuongeza nguvu iliwekwa mwanzoni mwa mnyororo na kitufe chake kikawekwa alama kwa rangi mahali ambapo magitaa yote mawili yanaifikia distosheni kwa kiwango kimoja, ili atakapobadilisha ala katikati ya wimbo asihitaji kuigusa amplifaya.